Mwiko, Sarafu na Saa Nane za Mvuke: Pudingi ya Krismasi ya Kiingereza Hatua kwa Hatua

Kabla hujanunua hata zabibu moja, chukua kalenda. Pudingi ya Krismasi ya Waingereza hupikwa wiki tano hivi kabla ya kuliwa, na siku yake ina jina: Jumapili ya Kukoroga. Ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, nayo huangukia kati ya tarehe 20 na 26 Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 22, mwaka 2027 ni tarehe 21. Njia ya mkato ni kuhesabu Jumapili tano kurudi nyuma kutoka Krismasi, bila kuihesabu Krismasi yenyewe ikiwa nayo ni Jumapili.

Jina lilitoka kanisani. Tangu 1549 Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kimekuwa na sala ya msimu huo inayomwomba Mungu aziamshe nia za waamini, wapate kuzaa kwa wingi matunda ya matendo mema. Kwa Kiingereza kuamsha nia na kukoroga chungu hutumia kitenzi kimoja. Basi mama aliyekaa kanisani akiwaza jikoni kwake alisikia "koroga" na "matunda" katika sentensi moja, akajua siku zimekaribia. Kwetu mtu akikoroga mambo ameharibu. Kule siku hiyo asiyekoroga ndiye anayeulizwa.

Mimi nilifundishwa na bibi jirani, mwenye miaka themanini na ushee, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Alinigongea mlango Novemba moja, mwiko mkononi, akasema nyumbani kwake wako wawili tu na pudingi haikorogwi na watu wawili. Tangu hapo nimeipika kila mwaka, na jambo nililoliona ni hili: karibu kila desturi inayoonekana kama mchezo ina kazi yake jikoni. Kwa hiyo nitazieleza pamoja, mapishi na mila, kwa sababu ukizitenganisha utaharibu pudingi.

Vitu kumi na vitatu

Wazee wa Kiingereza husema pudingi iwe na vitu 13, kwa ajili ya Yesu na mitume 12. Vipimo hivi ni vya bakuli la lita 1.2, linalotosha watu wanane:

1. Zabibu kavu za kawaida, gramu 150
2. Zabibu sultana, zile za rangi ya asali, gramu 125
3. Kuranti, zile zabibu ndogo nyeusi kama mbegu za papai, gramu 125
4. Maganda ya chungwa na limau yaliyokaushwa kwa sukari, gramu 30
5. Lozi zilizokatwakatwa, gramu 40
6. Tufaha moja, likwanguliwe pamoja na ganda lake
7. Mafuta magumu ya ng'ombe, yale yanayozunguka figo, gramu 100
8. Unga wa ngano, gramu 60
9. Chenga za mkate mweupe wa jana, gramu 100
10. Sukari ya kahawia iliyokolea, gramu 150
11. Mayai mawili
12. Viungo vya unga: mdalasini kijiko kimoja cha chai, kungumanga nusu kijiko, karafuu robo kijiko, na chumvi kidogo
13. Kinywaji: bia nyeusi mililita 80 na brandi mililita 40

Utaona viungo vitatu nimevihesabu kimoja, na chumvi nimeipitisha mlangoni bila tiketi. Hesabu ya 13 ina ulegevu wake na kila nyumba hujihesabia.

Mafuta ya figo ndiyo yanayowatisha wengi. Uingereza huuzwa dukani yakiwa tayari yamekatwa chembechembe na kupakwa unga. Afrika Mashariki muombe mwenye bucha akukatie mafuta meupe, makavu, ya kwenye figo. Yagandishe kwenye friza kwa muda wa saa mbili, uondoe ngozi nyembamba, kisha uyakwangue huku ukiyanyunyizia unga yasishikane. Huchelewa kuyeyuka kuliko siagi, na hapo ndipo siri ilipo: unga na mkate huanza kushikana kabla mafuta hayajayeyuka, kisha yakiyeyuka huacha matundu madogo. Bila hayo pudingi hukaa kama tofali. Siagi iliyogandishwa na kukwanguliwa hufaa pia, ingawa pudingi itakuwa nzito kidogo.

Karafuu usizidishe. Robo kijiko inatosha, hata kama wewe ni mtu wa Pemba na unaona ni dharau. Na kama ni mtu wa huko, jua kwamba karafuu ya kwenu iliwahi kutajwa rasmi katika pudingi hii. Mwaka 1927 bodi ya serikali ya Uingereza iliyokuwa ikitangaza mazao ya himaya ilisambaza mapishi ya pudingi ya Mfalme George V, yaliyotoka kwa mpishi wake Henri Cédard. Kila kitu kiliandikwa pamoja na nchi kilikotoka: kuranti za Australia, matufaha ya Kanada, ramu ya Jamaika, karafuu ya Zanzibar. Lilikuwa tangazo la biashara lililovaa aproni, na ramani nzima ya ukoloni ilimo ndani ya bakuli moja. Mlaji hakuambiwa nani aliyepanda mkarafuu kuzichuma.

Kwa asiyetumia pombe, weka mahali pake maji ya chungwa mililita 60 na chai kali isiyo na maziwa mililita 60, iliyopoa. Ladha itakuwa nzuri. Kitakachobadilika ni muda wa kuhifadhi, nami nitalirudia hilo. Wanaotafuta halali wanunue mafuta ya mimea yaliyotengenezwa kwa umbo lilelile. Yako katika maduka mengi ya Uingereza.

Jumamosi usiku

Changanya zabibu zote, maganda, lozi na tufaha kwenye bakuli kubwa, mimina bia na brandi, funika, acha hadi kesho. Ukiruka hatua hii zabibu zitafyonza unyevu wa unga wakati wa kupikwa na pudingi itapasuka.

Jumapili: kila mkono uguse mwiko

Asubuhi tia vyote vilivyobaki, mayai yawe ya mwisho. Sasa ita watu.

Desturi ni hii. Kila aliyemo nyumbani, kuanzia mkubwa hadi mtoto anayebebwa, hushika mwiko wa mti, hukoroga kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kuwakumbuka Mamajusi waliosafiri kutoka mashariki, hufumba macho na kuomba jambo moja kimyakimya. Ukilisema kwa sauti limeharibika. Mwiko wenyewe uwe wa mti kwa sababu hori alimolazwa mtoto Yesu lilikuwa la mti. Kiswahili kimetupa bahati hapa: mwiko ni chombo na mwiko ni katazo, na jikoni kwa bibi jirani vyote viwili vilikuwa mkononi mwake.

Sasa jaribu kukoroga peke yako. Mchanganyiko huu ni mzito kama sima ya watu ishirini na una kilo moja na zaidi. Dakika tatu tu mkono unauma. Zamu ya watu sita, kila mmoja na ombi lake, hukupa dakika kumi za kukoroga bila mtu kuchoka, na dakika kumi ndizo zinazotakiwa ili mafuta yasijikusanye pembeni. Sijui mpishi gani aliyeweza kupata vibarua sita kwa malipo nafuu kuliko hayo.

Kipimo: inua mwiko uliojaa, ugonge ukingoni. Mchanganyiko ukidondoka kwa uvivu, uko tayari. Ukigoma kudondoka ongeza kijiko cha bia.

Kufunga na kuweka mvukeni

Paka siagi bakuli la kauri linalostahimili moto, weka kiduara cha karatasi ya kuokea chini, jaza mchanganyiko ukiukandamiza usibakize hewa, uache sentimita mbili juu. Pudingi huvimba.

Chukua karatasi ya kuokea na karatasi ya foili, zilaze pamoja, zikunje mkunjo mmoja katikati kama rinda la sketi. Mkunjo huo utafunguka pudingi ikipanda. Funika bakuli, karatasi ya kuokea ikiwa chini, kaza kwa uzi wa pamba chini ya ukingo, kisha pitisha uzi juu kutoka upande hadi upande uwe mpini. Usiruke mpini, la sivyo utajikuta unalitoa bakuli la moto kwenye sufuria kwa vidole.

Weka kisahani kilichopinduliwa chini ya sufuria kubwa, juu yake bakuli, mimina maji yanayochemka hadi nusu ya kimo cha bakuli. Funika, punguza moto maji yatokote taratibu, na uache kwa muda wa saa 8. Ukianza saa tatu asubuhi utatoa saa kumi na moja jioni. Kila baada ya dakika arobaini angalia maji, uongeze mengine ya moto. Ya baridi yatashusha mvuke na yanaweza kupasua bakuli. Mimi huweka gololi mbili za kioo chini ya sufuria: maji yakipungua huanza kugongagonga, nami nasikia hata nikiwa sebuleni.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu rangi nyeusi ile haitoki kwenye sukari peke yake. Huja polepole, saa baada ya saa, sukari na protini zikibadilika katika joto la mvuke. Baada ya saa 4 pudingi imeiva lakini ni ya kahawia na ladha yake iko mbalimbali, kila kiungo kinajisemea. Zikitimia saa 8 imekuwa kitu kimoja.

Wiki tano za kungoja

Ikipoa kabisa ondoa karatasi zilizolowa, funga mpya, weka mahali pakavu, penye giza na baridi. Wengine huchoma matundu kwa kijiti kila wiki na kuinywesha kijiko cha brandi. Mara mbili katika wiki tano zinatosha. Nilipoinywesha kila wiki iligeuka uji.

Mapishi haya ni ya nchi ambayo Novemba hiyo stoo ni baridi kama friji. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, weka kwenye friji, si kabatini. Na ile isiyo na pombe, popote ulipo, ipike wiki moja kabla na kuiweka kwenye friji, au igandishe mara tu ikipoa, kisha uiyeyushe ndani ya friji siku moja na nusu kabla ya kula.

Sarafu na ndugu zake

Sasa tufike kwenye kile ambacho watoto wanakingoja. Ndani ya pudingi hufichwa sarafu ya fedha, na atakayeipata katika kipande chake amepata bahati na mali kwa mwaka mzima.

Desturi hii ni ya kuazima. Zamani Waingereza walikuwa na keki ya usiku wa kumi na mbili baada ya Krismasi, mwanzoni mwa Januari, yenye haragwe na njegere ndani: mwanamume aliyepata haragwe alikuwa mfalme wa usiku ule, mwanamke aliyepata njegere malkia. Keki ile ilipofifia, vya kufichwa vilihamia kwenye pudingi. Wafaransa bado wana keki yao ya Januari yenye kidude ndani, na Wagiriki huficha sarafu katika mkate wa Mwaka Mpya, kwa hiyo Waingereza hawana haki ya kujidai.

Sarafu iliyopendwa zamani ilikuwa ya fedha ya peni tatu, ndogo kama ukucha. Baadaye ikashika ile ya peni sita, sikspensi, yenye upana wa milimita 19. Peni sita ni nusu shilingi, na kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza 1921 ililingana na ya Uingereza, wazee wetu wangeitambua thamani hiyo mara moja: sumni.

Pamoja na sarafu waliweka vitu vingine. Pete, atakayeipata ataoa au kuolewa mwaka huo. Subana, kile kikofia cha kidole cha mshonaji: wengine husema ni dalili ya uwekevu, wengine kwamba mwanamke aliyeipata atabaki bila mume. Kifungo cha nguo, mwanamume atabaki kapera. Nanga, bandari salama. Mfupa wa kidari wenye pacha kama manati, bahati. Vya fedha, vidogo, viliuzwa kwa seti, vingine vikiwa na tundu la kupitisha utepe. Mimi subana na kifungo siviweki. Kumtangazia binti wa watu mezani, mbele ya wakwe watarajiwa, kwamba hataolewa, si mchezo.

Ukitafuta sikspensi ya kale, soma mwaka wake. Hadi 1919 ni fedha ya asilimia 92.5. Kuanzia 1920 kiwango kikashushwa hadi asilimia 50, ikaendelea hivyo hadi 1946. Kuanzia 1947 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Ilikoma kuwa pesa halali mwaka 1980, ndiyo maana leo hupatikana kwa wauza sarafu. Chagua ya 1946 au kabla. Sarafu za sasa za Uingereza za peni tano na kumi ni chuma kilichopakwa nikeli. Hazikutengenezwa kukaa wiki tano ndani ya matunda yenye asidi, na wapo ambao nikeli huwawasha. Aluminiamu na shaba tupu zisiguse pudingi kamwe.

Hata fedha safi hubadilika rangi kwa sababu ya salfa iliyomo kwenye mayai. Hapo ndipo ninapoachana na desturi. Wazee walitumbukiza sarafu wakati wa kukoroga. Mwaka wa kwanza kupika peke yangu nilifanya hivyo, tena nilitia tatu. Siku ya Krismasi zilipatikana mbili. Tulikaa mezani watu saba tukitazamana, kila mmoja akijipapasa koo, hadi usiku nilipoikuta ya tatu imeganda chini ya karatasi ya bakuli, nyeusi kama kifuniko cha chupa ya soda. Tangu hapo nafanya hivi.

Sugua sarafu kwa magadi ya kuokea na mswaki mpya, suuza, chemsha dakika kumi. Ifunge kwenye kipande cha karatasi ya kuokea, ukisokote ncha kama peremende, ili anayekula aione na kuihisi kabla ya jino. Ngoja hadi siku ya Krismasi, pudingi ikishatoka mvukeni na ikiwa bado ndani ya bakuli. Upande ulio juu sasa ndio utakaokuwa chini sahanini, kwa hiyo mkato hautaonekana. Chana kwa kisu chembamba nusu ya njia kati ya katikati na ukingo, sukuma sarafu ikiwa imesimama, sentimita tatu ndani. Ukiiweka katikati kabisa kisu kitaigonga na mchezo umekwisha kabla ya kuanza. Ukitaka mtoto fulani aipate, weka alama ukingoni mwa sahani, na kumbuka kwamba bakuli likipinduliwa kulia huwa kushoto. Bibi jirani aliapa hajawahi kudanganya hivyo. Wajukuu wake wanne walipata sarafu kwa kupokezana, mwaka hadi mwaka, kwa mpangilio wa umri.

Masharti hayavunjwi: tangaza kabla ya kijiko cha kwanza kwamba kuna sarafu, na ni ngapi. Kipande cha mtoto mdogo, au mzee mwenye meno ya bandia, kichambuliwe kwa uma na mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka mitano apewe sarafu mkononi ashangilie, isiwe kinywani. Na pudingi yenye sarafu haiingii kwenye maikrowevu.

Meza ya Krismasi

Asubuhi rudisha pudingi mvukeni kwa muda wa saa mbili. Ikitoka, tia sarafu, pindua kwenye sahani bapa yenye joto. Juu huchomekwa kijitawi cha mholi (holly), mti wa majani yenye miiba. Tunda lake jekundu ni sumu, kwa hiyo funga shina kwa foili na uondoe kijitawi kabla ya moto.

Moto, ndiyo. Pasha vijiko vinne vya brandi kwenye upawa juu ya jiko hadi ipate uvuguvugu, isichemke. Zima jiko, zima taa, sogeza leso za karatasi, funga nywele. Iwashe ikiwa ndani ya upawa kwa kiberiti kirefu, umimine juu ya pudingi. Moto ni wa buluu na huzimika wenyewe. Usimimine kamwe kutoka kwenye chupa. Moto hupanda mkondo wa brandi hadi mkononi. Nyumba isiyo na pombe huwasha mshumaa mmoja juu na watoto hawalalamiki.

Kandokando weka kastadi ya moto, au siagi gramu 100 iliyopigwa na sukari laini gramu 100 na vijiko vitatu vya brandi, ikae kwenye friji mpaka ishike. Vipande viwe vyembamba. Wageni wa Kiafrika huomba kikubwa mara ya kwanza tu.

Aliyepata sarafu hufungua karatasi, huonyesha watu wote, na ombi lake la Novemba bado halisemi. Katika nyumba nyingi yule hupewa sarafu ya siku hizi kwa kubadilishana, na ile ya fedha hurudi kwenye kisanduku hadi mwaka ujao. Iwapo hakuna aliyeipata, imo kwenye kiporo. Usikikatie tamaa wala kukitupa. Kesho yake, tarehe 26, kata vipande, ukivunja kila kimoja kwa mkono ukiitafuta, ukaange kwa siagi hadi ukingo uwe mkavu kama kashata. Mbwa wa nyumba asipewe hata chembe, kwani zabibu humdhuru figo.